Njia Iliyoonekana Nyuma ya Chui

Siku yangu ya kwanza kazini hatukubeba mteja hata mmoja. Patron Paluku, mwenye magari, alinipeleka uwandani upande wa kaskazini, akaniambia nizime injini, akashuka, akaufunga mlango wa jeep kwa nguvu zake zote. Swala waliokuwa wanakula majani mbele yetu waliinua vichwa, wakaondoka. Patron akafungua tena, akakaa kando yangu.

"Umesikia ule mulango?" akaniuliza.

"Nimesikia, Patron."

"Simba naye amesikia. Leo hatamuona muntu, na sisi hatutamuona. Hii njo somo la kwanza. Turudi."

Tulirudi kweli, na somo likaishia hapo.

Kabla ya hapo nilikuwa shofa wa jibini. Sisi ni watu wa Masisi, wakulima wa milimani tangu kwa babu zetu, na jirani yetu aliyekuwa na ng'ombe alinipa gari lake nishushe fromage mpaka Sake na Goma. Barabara ile wakati wa mvua ni sabuni. Patron Paluku alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Alianza na malori, kisha akaingia kwenye kazi ya kuwaongoza wazungu waliokuja kupiga picha za wanyama wakali. Alinichukua kwa sababu moja. "Muntu anayeshusha fromage mu matope bila kuivunja," alisema, "atabeba objectif ya muzungu bila kuipasua." Objectif ni lenzi, lile bomba refu la kamera linalomvuta mnyama wa mbali akawa kana kwamba amesimama mlangoni pako.

Kazi ya shofa wa picha ni tofauti na kazi ya shofa wa abiria. Abiria anataka kufika. Mpiga picha anataka usimame, na usimame vizuri: jua liwe mgongoni mwako, upepo ukupige usoni ili harufu yako isimfikie mnyama, na gari likae ubavu ili dirisha lote liwe lake. Lenzi ndefu haishikwi mkononi, inatetemeka. Tuliilaza juu ya mfuko wa maharagwe dirishani, nao unajikunja ukaishika kama mto unavyoshika kichwa. Mfuko wangu wa kwanza mama yangu aliushona kwa kipande cha pagne, kitenge chake cha zamani, akaujaza maharagwe ya shamba letu. Wateja walileta mifuko yao ya dukani, lakini wengi waliishia kuazima ule wa mama.

Nilijifunza kuwasoma simba kwa masikio na mkia. Simba jike anayelala huku mkia wake umetulia, mwache. Akianza kuupiga chini, mwambie mteja aandae kidole. Niliyapenda maisha yale, nayo hayakudumu. Vita ilishuka uwandani. Walinzi wa hifadhi walianza kuvaa makofia ya chuma, na asubuhi moja mkuu wao, tuliyemwita Conservateur, alisimama mbele ya gari letu akiwa amechoka uso mzima.

"Musiende tena," alisema. "Jana nimezika vijana wangu. Sitaki kuzika na wateja."

Patron hakubishana. Aligeuza kazi yote akaipeleka msituni, upande wa Walikale.

Msitu hauna uwanda wa kuzungusha gari. Kuna barabara moja, ile ya Bukavu kwenda Kisangani, na miti imeiinamia kutoka pande zote mbili. Kituo chetu kilikuwa karibu na Hombo, palipo na soko na daraja. Tuliendesha polepole alfajiri, madirisha wazi, tukitafuta nyayo kwenye matope ya kando ya barabara. Tukiziona, tunaacha gari na kuingia kwa miguu. Huko hakuna simba. Kuna chui, na chui wa msituni ukitaka kumwona kwa macho utazeeka. Kwa hiyo tulitumia mtego wa picha: kamera ndogo ndani ya sanduku la chuma, inafungwa kwenye mti, inajipiga yenyewe kiumbe chenye joto kikipita mbele yake. Unaiacha peke yake, unarudi baadaye kutoa kadi ya kumbukumbu, kile kipande kidogo kama ukucha kinachohifadhi picha.

Kumtega chui ni kazi ya kujua anapita wapi, na anayejua hilo huitwa pisteur, mfuatiliaji wa nyayo. Pisteur wetu alikuwa Papa Bulambo, mwenyeji wa msitu ule. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na alicheka kwa mabega bila kutoa sauti. Ujanani alikuwa mwindaji. Aliacha bunduki mwenyewe, na nilipomuuliza sababu alisema nyama zilikuwa zinapungua na yeye alikuwa anaongezeka watoto, sasa bora atafute kazi ambayo mnyama mmoja analiwa mara nyingi. Picha, alimaanisha. Mnyama mmoja unaweza kumpiga picha leo na kesho na bado akabaki.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Tulipata fungo, paka wa msituni mwenye rangi ya kutu, na tai anayekula nyani akiwa juu ya mzoga wake. Chui tulimpata vipande vipande: mkia, bega, jicho linalong'aa. Nilimzoea Bulambo mpaka nikajua kikohozi chake cha "simama" na kile cha "pita". Mkewe, Mama Feza, aliniita shemeji.

Kisha akaja Madame Klara. Alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, ameshapiga picha wanyama wakali nchi nyingi, hana makelele. Alikula sombe, mboga ya majani ya mihogo, na ugali tuliokula sisi, akalala kwenye hema lililovuja bila kulalamika. Nasema hivi ili msije mkafikiri alikuwa mtu mbaya. Alitaka kitu kimoja tu: chui wa msitu, mzima, uso kwa uso, mahali pake.

Bulambo alimchagulia njia moja ya zamani, mbali na barabara. Hapo mti mkubwa sana ulikuwa umeanguka ukaziba njia, na watu wa zamani waliukata katikati kwa shoka wakatoboa kama mlango. Mtu wa huko ukimwambia "kwenye mti wa mlango" hakuulizi tena. Kila kiumbe kilichotaka kupita kilipita hapo, chui pia. Tulifunga kamera, tukaondoka.

Tuliporudi kuichukua kadi, Madame Klara aliitia kwenye kompyuta yake palepale, ameketi juu ya sanduku la vifaa. Chui alikuwepo. Jike, amelowa mvua, mguu mmoja ameuinua, amesimama katikati ya ule mlango wa mti na anatutazama. Sijawahi kuona picha kama ile, na nimeona nyingi. Madame aliweka mkono mdomoni. Bulambo mabega yake yalikuwa yanacheka.

Akabonyeza kwenda picha inayofuata. Mlango ni uleule, ila chui hayupo. Wapo wanaume wenye bunduki, na nyuma yao watu waliobeba mifuko ya mawe ya madini kichwani. Aliyetangulia alikuwa ameitazama kamera.

Bulambo aliacha kucheka. "Madame," alisema, "futa hii. Yote. Sasa hivi."

Madame hakuuliza. Alizifuta picha za wale watu mbele yetu, moja baada ya nyingine. Tukafungua kamera kutoka kwenye mti, tukatoka msituni.

Tulikuwa tumechelewa. Aliyeitazama kamera alikuwa ameielewa. Haikupita muda, vijana wawili wenye silaha walifika kituoni kwetu wakasema Commandant, mkubwa wao, anawaita wenye masanduku ya picha. Madame alikuwa Walikale siku hiyo, kupigiwa muhuri karatasi zake. Tulikwenda mimi na Bulambo.

Commandant alikuwa kijana, nadhifu, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya mbao. Hakutupigia kelele. Alituuliza kama tumekula.

"Nani iko na picha yangu?" akauliza.

"Tuliifuta, Commandant," nilijibu. "Tulikuwa tunatafuta chui. Hatukutafuta muntu."

"Mulifuta."

"Njo hivyo."

"Sawa. Nionyeshe kitu chenye kimefutwa."

Unaweza kumwonyesha mtu picha. Kwamba picha haipo, utamwonyesha nini?

"Unaona?" alisema kwa upole. "Bale wenye kutununulia mawe hawapendi sura zetu mu telefone. Na bale wenye kututafuta banazipenda sana. Lete ile machine ya muzungu, na makadi yote. Huyu atabaki na miye."

Huyu alikuwa Bulambo. Aliketi chini kwenye nyasi kabla hajaambiwa, akanifanyia ishara ya kichwa kwamba niende.

Niliendesha mpaka Walikale kwa namna ambayo singemruhusu shofa yeyote wa kwangu kuendesha. Nilimkuta Madame Klara, nikamweleza. Alinipa kompyuta yake, kadi zake zote, hata zile za safari nyingine. "Chukua kila kitu, Bauma," alisema. Bauma ndilo jina langu. Nilimwona analia, nikadhani analilia chui wake, na niliona ni haki yake. Niligeuza gari.

Commandant aliamuru kompyuta ile ivunjwe kwa kitako cha bunduki mbele yetu. Kadi zikatupwa kwenye moto wa kupikia. Kisha akamsimamisha Bulambo, akamkung'uta nyasi kwenye suruali kama mtu na kaka yake.

"Nikiona picha hata moja ya ile njia," aliniambia, "sitakutafuta weye. Weye ni muntu wa Masisi, utakimbia. Nitauliza huyu. Yeye njo mwenye kujua muti uko wapi."

Tulirudi kwa miguu mpaka nilipoacha gari. Bulambo alisema neno moja tu njiani, kwamba atalima. Akalima kweli. Aliacha kazi, akapanda mihogo na ndizi nyuma ya nyumba yake, na kila nilipopita Hombo nilisimama tukanywa chai. Hakuulizia tena wanyama. Mimi Patron alinirudisha Goma kuangalia magari.

Mwaka uliofuata niliingia ofisini kwa Patron Paluku kumpa funguo za gari lililotoka matengenezoni. Ukutani, nyuma ya kiti chake, palikuwa na picha kubwa kama meza. Chui jike, amelowa, mguu mmoja juu, amesimama kwenye mlango wa mti.

Nilisimama na funguo mkononi.

"Iko muzuri, eh?" Patron alisema. "Imepata zawadi kule Ulaya. Bantu wote wanaitumiana mu telefone. Sasa hivi wateja wawili wameandika, banataka Walikale."

"Patron, hii inatoka wapi? Walivunja yote."

"Madame aliiweka mu disque yake ndogo ya kuchunga picha, ile siku mulitoka mu pori. Ilikuwa mu sakosi, mu mukoba wake. Aliniuliza kama anaweza kuitoa. Nilimwambia atoe. Ni chui tu, Bauma. Angalia vizuri, hakuna muntu ndani."

"Angalia nyuma ya chui, Patron."

Aligeuka akatazama. Alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa msitu. Aliona majani na gogo.

"Ule muti uko na mulango," nikamwambia. "Hakuna mwingine kama ule. Commandant akiuona atajua ni njia yake, na atajua tulimudanganya. Alisema hatauliza miye. Alisema atauliza Bulambo."

Patron Paluku alikaa. Aliitoa miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena. Kisha akachukua simu akampigia Madame Klara, na nilimsikia anamwambia aitoe picha kila mahali. Nilisikia sauti ya Madame ikiuliza kwa nini, na Patron akamweleza habari ya mti. Lakini picha ikishatoka hairudi kwa kuitwa. Ilikuwa imeshafika kwenye simu za vijana wa Bukavu na Goma, na kama imefika huko, imefika msituni.

Namba ya Bulambo haikupatikana. Niliondoka na gari lilelile, funguo zilikuwa bado mkononi. Mvua ilinyesha njia nzima. Lori lilikuwa limezama kwenye matope kabla ya Hombo, watu wanalichimbua kwa majembe, nami nikaliacha gari langu nyuma yake nikatembea.

Mama Feza alikuwa ameketi mlangoni, majirani wamemzunguka. Aliponiona hakuinuka.

"Shemeji," alisema, "wamepita jana. Walimuonyesha kitu mu telefone. Wakamuuliza, 'Huu muti ni wapi?' Na yeye akawaambia ukweli, ni muti wa mulango. Angesema nini tena?"

"Walisema wanamupeleka wapi?"

"Walisema wanaenda kuongea."

Tulimtafuta, mimi na wanaume wa pale. Nyumba ya mbao tuliikuta tupu, kiti cha plastiki kimebaki nje. Nilijaribu kusoma nyayo kama alivyonifundisha, lakini mvua ilikuwa imezifuta. Waliompata ni akina mama waliokwenda kuloweka mihogo mtoni. Sitaeleza alivyokuwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba yake. Catéchiste alisoma sala za maziko kwa haraka kwa sababu watu waliogopa kukaa wengi mahali pamoja.

Kwenye matanga, mtoto wake mkubwa aliomba picha ya baba yake waiweke juu ya meza. Haikuwepo. Mtu aliyefanya kazi ya picha miaka yote ile hakuwa na picha yake nyumbani. Nilitafuta kwenye simu yangu, nikapata chui, nyani, magari, daraja. Bulambo hayumo, kwa sababu kila mara alikuwa mbele yangu ananionyesha mnyama, nami nilipiga alichonionyesha.

Nilimpigia Madame Klara. Alipokea, nikamwambia tumemzika Bulambo. Akasema kwamba alidhani chui peke yake hana hatia. Sikumtukana. Sikumfariji pia. Nilimwuliza kitu kimoja: kama kwenye disque yake kuna picha ya Bulambo.

Ilikuwepo. Na hapa lazima niwaeleze jambo la kazi. Mtego wa picha ukishafungwa, ni lazima mtu aujaribu, aone kama umekaa kimo cha mnyama. Anapita mbele yake kwa mikono na magoti, polepole, kama anavyopita chui. Hiyo ilikuwa kazi ya Bulambo siku zote. Madame alinitumia picha hiyo. Yupo kwa miguu minne kwenye matope, amegeuza uso kuitazama kamera, na ukimwangalia mabega unaona anacheka.

Ndugu zake hawakuipenda. Mmoja alisema si heshima kumweka marehemu namna ya mnyama, akataka tukate tubakize kichwa tu. Mama Feza aliichukua simu akaitazama peke yake.

"Muache hivi," alisema. "Njo yeye. Hivi njo alikuwaka."

Wakaiweka.

Nilimrudishia Patron Paluku funguo wiki ileile. Aliniambia nipumzike kwanza, tutaongea. Nilimwambia nimezeeka. Picha alikuwa ameshaishusha, na ukutani palibaki alama nyeupe mahali ilipokuwa. Wateja wawili wa Walikale alikuwa amewakatalia. Alifunga biashara ya wanyama, akarudi kwenye malori, na watu wananiambia siku hizi misa haikosi hata jioni. Tukikutana tunasalimiana vizuri na kuulizana watoto. Neno la Bulambo hakuna anayelitaja kati yetu.

Masisi sikuweza kurudi. Milima yetu inabadilisha wenye bunduki kila msimu, na shamba la mama yangu sasa ni la kupitia watu wanaokimbia. Nipo Bweremana, kando ya ziwa. Mke wangu anauza samaki wadogo, mimi nashona nyavu za watu na kusikiliza redio. Usiku nalala vizuri kuliko mnavyodhani. Asubuhi ndiyo ngumu, ile saa ya kwanza ya mwanga tuliyokuwa tunaisubiri garini.

Mnaniuliza kazi ile ilikuwa nzuri au mbaya. Ilikuwa nzuri. Nilimtazama simba jike akiwalamba wanawe, na kazi yangu ilikuwa kuzima injini tu. Lakini tulifundishwa kuangalia mwanga, upepo, mkia na masikio, na hakuna bosi hata mmoja aliyetufundisha kuangalia kilicho nyuma ya mnyama. Katika nchi kama yetu hilo lingekuwa somo la kwanza, kabla ya mlango wa gari. Nyuma ya kila chui kuna njia, na njia ina watu wanaoipita na watu wanaoijua. Anayepanda ndege kuondoka hawaoni. Wewe unayebaki, waone.

Juzi alikuja msichana mmoja kutoka Goma, amesomea utalii, ana kamera nzuri na heshima kubwa. Aliketi nami nje, akaniuliza mambo ya upepo na ya mfuko wa maharagwe, nami nikamjibu yote. Mwisho akasogeza kiti.

"Papa Bauma, chui bado wako mule mu pori la Walikale?"

"Wako," nilimwambia.

"Wanapitaka wapi?"

Nilimwuliza kama amekula. Akasema bado. Nikamwita mke wangu atuletee samaki.